Kiganja Kifuani

9 Februari

Kisiki wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya za mtu mwingine yeyote, maana humu ndani kila mmoja anataka niweke jina lake kwenye karatasi, na karatasi yenyewe ni moja. Sisi wazima. Mjomba wako mzima, amenyoa ndevu, sasa anafanana na marehemu bibi yako na hataki kuambiwa. Bi Mkasi mzima kwenye cherehani yake, na mdomo wake mzima zaidi. Jana kamwambia mteja kitambaa kinatosha, ila yeye ndiye aliyezidi. Mteja kacheka, bahati yetu.

Barua yako ya Januari nimeipata, na nimeisoma kama ninavyozisoma zote. Nilisimama katikati ya kiwanda changu (najua ni chumba kimoja na cherehani mbili, lakini ni kiwanda), cherehani zikanyamazishwa, wateja wakakaa kwenye benchi, muuza mayai akasimama mlangoni na trei kichwani. Watu wananiuliza kwa nini sipigi simu kama binadamu wengine. Nawajibu simu haina ushahidi. Barua unaikunjua na watu wanaiona.

Lakini mwanangu, barua gani ile? "Pambano limekwisha, niko salama." Basi? Mimi nimenyamazisha cherehani kwa ajili ya hayo? Ikabidi nisome na yale ambayo hukuandika. Nimesoma kwamba mpinzani alikuja na mateke, wewe ukayapokea kama manyunyu, kisha ukamwinua ukamlaza chini, mwamuzi akaja mbio kumwokoa. Muuza mayai alipiga makofi hadi trei ikayumba. Ukiandika tena andika yote, nisichoke kubuni.

Habari nyingine: ile shule kubwa imeniletea kazi ya sare. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kwa miguu yake. Amesema fundi ni mimi tu. Sikumbishia.

Mama yako, mama wa asiyeangushwa.


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na Mjomba na Bi Mkasi vilevile. Mimi mzima. Chumba ni kilekile juu ya ukumbi wa mazoezi, asubuhi naamshwa na watu wanaopiga mifuko chini ya kitanda changu. Jioni nafundisha darasa la wanaoanza: karani wa benki, dereva wa lori, muuguzi mmoja anayeomba radhi kila akimpiga mtu.

Hongera kwa kazi ya sare. Usijichoshe. Mwandiko wako umelala upande, uliandika ukiwa kitandani?

Kuhusu pambano nitakueleza siku nyingine.

Leo nina jambo. Mimi na Mchoraji tunaanzisha nguo zetu. Unamkumbuka, yule mwenzangu wa mazoezi aliyekuja nyumbani ule mwaka wa mvua nyingi akamaliza chai yote. Siku hizi hapigani tena, anachora kwa mkono wa kushoto, na anachora vizuri. Nguo za mchezo wetu zilizopo madukani zote zina mafuvu, damu na meno ya mbwa. Muuguzi wangu hawezi kuvaa fuvu kwenda wodini. Tunataka nguo ya mtu anayefanya mazoezi lakini pia ana maisha: aivae kazini, sokoni, akimpeleka mtoto shule. Na asiyewahi kurusha ngumi naye aivae bila kuona haya.

Tunaanza na sweta za kofia. Kwapani tumeongeza kipande chenye pembe nne, kama kwenye nguo za mazoezi, ili mtu akiinua mkono sweta yote isipande hadi kitovuni. Jina ni Kiganja. Upande wa moyo kuna darizi ya kiganja kilichofunguka.

Nataka za kwanza uzishone wewe. Natuma kitambaa, vipimo na mchoro. Ufunguzi utafanyika hapa ukumbini mwezi wa saba. Kitambaa hicho ndicho pekee tulichoweza kupata, kwa hiyo tafadhali fuata mchoro kama ulivyo.

Binti yako.


30 Machi

Kisiki wangu mwenye kampuni,

Ndiyo, nimeandika kampuni. Mjomba wako anasema bado ni nia tu. Nimemwambia hata yeye alikuwa nia tu, na leo hii anakula kwangu. Anakusalimu. Bi Mkasi anakusalimu na anauliza kama kuna saizi ya wanene wenye haki zao.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare. Kola juu ya kola, nikifumba macho naona kola. Na mwandiko usikutie wasiwasi, kalamu za siku hizi ni mbovu.

Kifurushi kimefika na barua nimeisoma. Ee mwanangu! Nilipofika kwenye "za kwanza uzishone wewe" niliisoma mara mbili, ya pili taratibu, kwa ajili ya waliokuwa nje. Kile kipande cha kwapa nimekishona, nikamvalisha Mjomba, nikamwambia inua mikono kama umekamatwa. Sweta haikupanda hata kidogo. Bi Mkasi amekosa la kusema, ikabidi akohoe.

Sasa jambo langu. Mbona kiganja? Kiganja kinamtisha nani? Kiganja ni cha kuomba chumvi kwa jirani. Mtu kama wewe, asiyejua kushindwa, ni wa kuweka ngumi kifuani, vidole vimekazwa, kidole gumba nje kama kocha alivyokufundisha. Mjomba wako ananiletea methali, eti asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemwambia methali hiyo aliitunga aliyeshindwa, mshindi alikuwa ameshaenda kula.

Na pambano lijalo ni lini? Muuza mayai ananiuliza kila asubuhi, hadi naona aibu kununua mayai.

Mama yako.


21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mjomba amepata kazi ya kuvaa nguo. Mwambie kama ana picha atume. Mimi mzima. Karani wa benki ameteguka kidole cha mguu, anakionyesha kwa kila mtu kwa fahari.

Pambano lijalo sijui.

Kuhusu darizi, usibadilishe. Ni kiganja. Kimefunguka. Nina sababu yangu na nitakwambia tukionana. Naandika tena ili isipotee katikati ya salamu: usibadilishe.

Ukumbi umetusogeza mbele, ufunguzi sasa ni tarehe saba Septemba. Kwa hiyo huna haja ya kukimbia. Sare zinaendaje? Hukunijibu kama unapumzika.

Binti yako.


2 Juni

Kisiki,

Salamu kutoka kwa wote, hata kwa paka mpya aliyehamia kwenye kapu la vipande bila kupangishwa. Mjomba wako alipata mafua akaaga dunia mara kadhaa, lakini kila chakula kikiwa tayari anafufuka.

Sare zimekwenda, mwalimu mkuu amefurahi, anataka kuleta nyingine.

Nakutumia mzigo wako. Fungua ukiwa umekaa. Najua uliandika usibadilishe. Lakini mama ana jicho lake. Wewe ulikuwa unaona haya kujisifu, tangu utotoni uko hivyo, ukifika wa kwanza darasani unaficha karatasi. Basi nimejisifu kwa niaba yako. Zote zina ngumi! Uzi mwekundu, vifundo vya vidole vimetokeza, ukipitisha mkono unavihisi. Darizi ameimalizia Bi Mkasi kwa kuwa mimi nilikuwa na shughuli nyingine, lakini wazo ni langu. Tulizitundika dirishani kabla ya kuzifungasha, na watu walisimama barabarani kutazama.

Siku ya ufunguzi waambie nani kashona.

Mama yako.


19 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii usiisome kwa sauti. Kama umeshaifungua mbele ya watu, ikunje, waambie nawasalimu, kisha nenda nayo chumbani.

Kifurushi kimefika. Nilifungua sweta ya kwanza nikaona ngumi. Nikafungua ya pili nikiomba iwe mzaha. Mchoraji alikuwa pembeni yangu. Akazikunja moja moja akazirudisha kwenye mfuko.

Sasa nakujibu ulichoniuliza tangu Februari. Lile pambano nilishindwa.

Alinipeleka chini mapema, akaukamata mkono wangu wa kulia, akaunyoosha katikati ya mapaja yake, kiwiko kikaanza kwenda upande ambao kiwiko hakiendi. Mtu akikamatwa hivyo ana mlango mmoja wa kutokea: anagonga mkeka kwa kiganja, na mwamuzi anasimamisha. Ukigonga, umeshindwa. Usipogonga, mkono unavunjika na umeshindwa vilevile. Ndicho kitu cha kwanza ninachowafundisha wanaoanza, kabla hata ya kusimama vizuri. Wanagonga, wanaachiwa, wanapeana mikono, wanaanza upya. Kwa sababu ya kiganja hicho tunaweza kupigana jioni na asubuhi wote tukaenda kazini.

Mchoraji hakugonga. Baba yake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Sasa unajua kwa nini anachora kwa mkono wa kushoto.

Nilipokuwa pale chini nilimkumbuka, na bado sikugonga. Unajua nilikuwa naona nini? Kiwanda chako. Cherehani zimenyamaza, muuza mayai yuko mlangoni, wewe umeshika karatasi. Nikawaza, mama atasoma nini? Kidogo tu niuache mkono uvunjike ili wewe uwe na cha kusoma.

Kisha nikagonga. Mkono ninao. Ndio ninaoandikia sasa.

Nguo zenye ngumi sitaziuza. Nazirudisha zote pamoja na barua hii. Kitambaa kingine hatuna, kwa hiyo kama hakuna kiganja, hakuna ufunguzi. Uamuzi uko kwako.

Na jambo la mwisho. Si darizi tu, hata mshono wa mabegani si wako. Nimekulia chini ya meza yako, naijua mishono yako kama sauti. Mkono wako una nini, Mama?

Binti yako.


3 Agosti

Mama,

Shikamoo. Najua mzigo umefika, karani wa vifurushi amenihakikishia. Nilimpigia Mjomba simu, akasema mko salama, lakini alikohoa kwanza, na Mjomba hukohoa kabla ya kudanganya.

Kama umekasirika, niandikie hasira. Kimya chako kinanitisha zaidi.

Hapa muuguzi amejifunza kupiga bila kuomba radhi. Anaulizia sweta yake.

Binti yako.


24 Agosti

Binti yangu,

Mwandiko huu ni wa Bi Mkasi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike ninayosema bila kupunguza.

(Wala sipunguzi. Mimi Bi Mkasi nakusalimu. Mama yako anatembea chumbani huku na huku, mkono umefungwa bandeji kama mkate uliofunikwa.)

Nani kakwambia uandike hilo? Haya, ameshaandika. Sikia basi. Barua yako ilipofika chumba kilikuwa kimejaa. Nikafungua, nikaona mstari wa kwanza, nikaikunja. Muuza mayai akauliza, "Leo kamlaza nani?" Nikasema binti yangu anawasalimu. "Basi?" Basi. Nikaiweka chini ya mto wa kiti changu, nikaikalia. Nimeikalia wiki na wiki. Usicheke, nilikuwa nashona nikiwa nimekalia maneno yako, na kila nikisogea naisikia inalia kama jani kavu.

Sikukasirika. Au nilikasirika kwanza, nikasema nimezaa mtu wa kugonga mikeka. Halafu nikafika pale uliposema kuhusu kiwanda changu. Hapo sikuendelea siku hiyo.

Mkono wangu ulianza kufa ganzi tangu mwanzo wa mwaka. Mkasi unadondoka, uzi siuhisi. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, akasema niache cherehani, nije apasue kidogo auachie. Nikamwambia nitakuja sare zikiisha. Sare zikaisha, sikwenda. Mjomba alijua, nikamfunga mdomo. Bi Mkasi alijua, na nashangaa alivyoweza kunyamaza.

(Nilikuwa nashona zamu yangu na yake. Ningepata wapi pumzi ya kusema.)

Juma lililopita mwalimu mkuu akaja na oda nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, mbele za watu. Akasema, "Mama, wewe huchoki?" Mimi nikasema nichoke kwani mimi mwalimu? Wakacheka. Nikatia kola kwenye cherehani nimwonyeshe mwendo. Nikaona Bi Mkasi ananikodolea macho, anapiga kelele, "Toa mguu kwenye pedali! Toa mguu!" Nikatazama chini. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole changu, kola imelowa damu, na mimi sikuhisi kitu. Nilikuwa bado nacheka.

Mjomba wako akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikatoka. Mwalimu mkuu kageuka rangi, akaniuliza, "Kwa hiyo oda nimpelekee mwingine?" Pale, mwanangu, ndipo nilipotaka kusema hapana, lete, ni mkwaruzo tu. Neno lilikuwa kinywani. Watu wote wananitazama, muuza mayai yuko mlangoni kama kawaida yake. Na nilikuwa nimeikalia barua yako.

Nikagonga meza. Kwa kiganja, cha ule mkono usio na ganzi. Wakadhani nimekasirika. Nikagonga tena, nikasema, "Nimegonga. Mpelekee mwingine."

Hawakuelewa. Ikabidi nieleze maana ya kugonga, na huwezi kueleza kugonga bila kusema nani kakufundisha. Kwa hiyo barua sikuisoma, lakini nilisema. Nikasema Januari binti yangu alishindwa, na yale niliyowasomea Februari niliyatunga mwenyewe. Muuza mayai akasema, "Kumbe alishindwa!" Nikamwambia ameshindwa na mkono anao. Akatua trei chini, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema yeye shingo inamuua kwa miaka na hajawahi kumwambia mtu. Mlango mzima ukageuka hospitali, kila mmoja na pake panapouma.

Daktari amenipasua juzi. Anasema hisia zitarudi polepole, si zote. Nitakata vitambaa, nitapokea wateja, nitaamrisha. Kuamrisha hakuhitaji kidole.

(Hilo nathibitisha.)

Sasa sweta zako. Ngumi zote tumezifumua. Mjomba alivuta nyuzi, Bi Mkasi akapiga pasi, lakini matundu ya sindano yalibaki, na mchoro wa mwenzako ni mdogo, hauyafuniki. Bi Mkasi akasema tunahitaji kiganja kikubwa. Akanitazama mkono.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kupasuliwa niliuweka juu ya kitambaa, upande wa moyo, vidole wazi, naye akauzungushia chaki. Nilikuwa siihisi hiyo chaki, mwanangu, nilikuwa naiona tu ikipita. Kidole changu cha shahada kimepinda kidogo kwa miaka ya kusukuma kitambaa, na viganja vyako vyote sasa vina kidole kilichopinda hivyohivyo. Kama Mchoraji hapendi, mwambie samahani. Hatukuwa na mkono mwingine wa ukubwa huo. Matundu yote yamefunikwa. Mzigo unaondoka na barua hii, utafika kabla ya tarehe saba.

Nina ombi moja. Ile barua yako bado iko chini ya mto. Uliniambia nisiisome kwa sauti na sijaisoma. Lakini wateja wananiuliza kila siku, na mimi mtaa mzima nimeshawatangazia kwamba hakuna mtu hapa aliyewahi kushindwa vizuri kama binti yangu. Wananidai ushahidi.

Mama yako. Sahihi hii nimeiweka mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana inafanana na buibui.


2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Upe pole mkono, mpe pole muuza mayai kwa shingo yake. Bi Mkasi nimemwekea saizi ya wenye haki zao.

Sweta zimefika. Mchoraji alivaa moja akaenda mbele ya kioo, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wako, akasema mchoro wake tuutupe. Kidole kilichopinda ndiyo alama yetu. Muuguzi ameshachukua yake, ataivaa akienda zamu.

Isome. Isome umesimama, cherehani zimenyamaza, muuza mayai yuko mlangoni. Isome yote kama nilivyoiandika, na safari hii usiongeze neno.

Kisiki wako.